UZI MAALUM: Nyota ya nyutroni ina nini tumboni? Modeli zake zinavyoundwa na zinavyouawa

Mchimba Nondo:

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa mashimo meusi kuna mdau kaandika kwamba nyota za nyutroni "zimeshajulikana zote, ni donge la nyutroni tu, basi". Namjibu hapa, maana kule mada ingepotea.

Si kweli kwamba zimejulikana. Masi ya baadhi yake tunaijua vizuri sana, na mizunguko yake imepimwa hadi tarakimu nyingi nyuma ya nukta. Lakini kilichomo katikati hakuna anayekijua. Wanafizikia wanatunga modeli, halafu wanakaa kuviziana nazo kwa vipimo. Mpaka leo modeli zilizokufa ni nyingi kuliko zilizo hai, na kwangu huko ndiko kuna utamu wa fani hii.

Historia nitaipita haraka. James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walisema nyota kubwa ikilipuka inaweza kuacha nyuma kiini cha nyutroni. Wengi hawakulijali wazo hilo. Mwaka 1939 Richard Tolman kwa upande mmoja, na Robert Oppenheimer na George Volkoff kwa upande mwingine, walitoa makala zilizotupa mlinganyo tunaotumia hadi leo. Wenyewe wanauita TOV, kwa herufi za majina yao.

Hapo kwenye TOV naomba mtulie. Kwa Newton, kanieneo ina kazi moja tu: kusukuma kwenda nje ili nyota isijiporomokee. Kwa Einstein, kanieneo yenyewe nayo ina mvutano. Kwa hiyo ukiongeza kanieneo ili kuiokoa nyota, unaongeza pia kile kinachoibana. Ikifika mahali, kila unachoongeza kinaharakisha kifo chake. Ndiyo maana kila modeli ya nyota ya nyutroni, hata uitunge kwa ukarimu gani, ina masi ya juu kabisa ambayo haiwezi kuivuka.

Sasa Oppenheimer na Volkoff walichukua nyutroni huru, zisizosukumana kwa nguvu yoyote ya nyuklia. Masi ya juu waliyopata ni kama 0.7 ya Jua. Linganisha na kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota ya kawaida kama Jua iliyokwisha kuni, ambacho Chandrasekhar alionyesha kinaweza kufika takriban 1.4. Na pulsa ya Hulse na Taylor (pulsa ni nyota ya nyutroni inayozunguka huku ikituma mapigo), iliyogunduliwa 1974, ina 1.44. Kwa hiyo ile hadithi ya vitabuni kwamba nyota hii inashikiliwa na nyutroni kukataa kukaa hali moja ni nusu tu ya maelezo. Kinachoibeba hasa ni nguvu ya nyuklia, ambayo nyutroni zikikaribiana mno hugeuka na kuzisukuma mbali. Na nguvu hiyo, kwa densiti ya mle ndani, hakuna maabara duniani inayoweza kuipima moja kwa moja.

Densiti yenyewe? Ndani ya kiini cha atomu ya kawaida ni takriban tani milioni 270 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hiyo ndiyo tunaiita densiti ya kawaida ya nyuklia. Katikati ya nyota ya nyutroni inaweza kuzidi mara tano au zaidi. Na dude zima, lenye masi kuliko Jua, lingekaa juu ya kisiwa cha Unguja na kuacha nafasi: kipenyo chake ni kama kilomita 24.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Kijiti:

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali la mjinga: kama mlinganyo ni mmoja, huo TOV, mbona modeli ziko kibao?

Mchimba Nondo:

Hilo si la mjinga, ndilo lenyewe.

TOV inakwambia mvutano unafanya nini. Haikwambii maada ni ya aina gani. Lazima uipe taarifa moja kutoka nje: ukiibana maada hadi densiti fulani, itakurudishia kanieneo kiasi gani? Uhusiano huo unaitwa mlinganyo wa hali, na ubishi wote uko hapo. Kanieneo ikipanda haraka tunasema maada ni ngumu, ikipanda taratibu tunasema ni laini. Maada ngumu inabeba nyota nzito na kubwa, laini inaporomoka mapema.

Utendaji wake ni huu. Unachagua densiti ya katikati. Unaanza katikati kabisa, unapiga hatua ndogondogo kwenda nje, kila hatua unahesabu masi iliyoongezeka na kanieneo iliyopungua. Kanieneo ikifika sifuri, umefika kwenye uso wa nyota. Hapo unasoma nusukipenyo na masi. Umepata nyota moja. Unabadilisha densiti ya katikati, unarudia, unapata nyingine. Ukiziunganisha zote kwenye grafu ya masi na nusukipenyo unapata mkunjo mmoja, na huo ndio alama ya kidole ya maada uliyochagua. Kompyuta mpakato ya kawaida inamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana. Kilele cha mkunjo ndicho masi ya juu. Ukishavuka kilele, kuongeza densiti ya katikati kunapunguza masi, na nyota za upande ule hazisimami.

Kadiri unavyokwenda ndani ndivyo ujinga wetu unavyoongezeka. Ganda la nje, unene wake kama kilomita moja, tunalijua vizuri kiasi. Chini ya ganda kuna tabaka ambalo nguvu za umeme na za nyuklia zinavutana hadi viini vinajipanga kama vidonge, nyuzi na mabapa. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wanaliita pasta ya nyuklia, na hawatanii, wana gnocchi, spageti na lasanya humo. Ukifika kwenye densiti ya kawaida ya nyuklia, nadharia ya nguvu za nyuklia inakusindikiza hadi mara moja na nusu au mbili hivi. Mbele ya hapo kila mtu na imani yake. Kwaki na gluoni, yaani chembe zinazoiunda nyutroni yenyewe, tunaweza tena kuzihesabu kwa uhakika densiti ikifika kama mara 40, lakini hakuna nyota inayofika huko. Nyota inaishi katikati, kwenye giza.

Bint Ngomeni:

Salamu kutoka pwani. Mimi ni mtu wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na naona mwenye uzi ameruka jambo la kwetu.

Setelaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa hapa, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru siku hiyohiyo, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Mradi ulikuwa wa NASA. Ikweta ilichaguliwa kwa sababu roketi inapata msukumo wa mzunguko wa dunia, na njia ya setelaiti juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayochafua vipimo.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba nyota ya nyutroni iitwayo Cen X-3 inapiga eksirei kila sekunde 4.8, na nyingine, Her X-1, kila sekunde 1.24. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo, alipewa Nobel 2002. Urushaji wa mwisho pale San Marco ulikuwa 1988. Watoto wa huku wanakua wakijua jukwaa ni la Waitaliano, lakini kilichorushwa pale na kilichoonekana hawaambiwi.

Mchimba Nondo:

Shukrani sana dada yangu, umenisaidia kuliko unavyodhani, nitaeleza baadaye kwa nini hizo nyota mbili ulizozitaja zina kesi.

Faida ya Uhuru haikuwa mapigo tu. Cen X-3 inafichwa na mwenzake kila baada ya siku 2.1 hivi. Kwa hiyo ziko mbili zinazungukana, na vitu viwili vinavyozungukana vinakupa masi. Hapo ndipo mizani ilipopatikana.

Mizani kali zaidi ilikuja 2010. Pulsa PSR J1614-2230 ina mwenzake kibete cheupe, na njia yao tunaiona karibu ubavuni. Kila mapigo ya redio yanapopita jirani na yule kibete, mvutano wake unayachelewesha kwa mikrosekunde kadhaa. Kuchelewa huko kulipima kibete, kibete kikapima pulsa: 1.97 ya Jua, baadaye ikarekebishwa hadi 1.91. Mwaka 2013 ikaja PSR J0348+0432, iliyopimwa wakati huo kuwa na 2.01. Sasa tuna PSR J0740+6620 yenye takriban 2.08.

Mnaona kilichotokea? Kila modeli ambayo kilele chake hakifiki 2 ilikwenda na maji. Si kwamba ilihitaji kurekebishwa kidogo, ilikufa. Kwa pulsa moja ya 2010, rundo la makala za miaka ya 1980 na 1990 liligeuka historia.

Mwl. Fizikia:

Mkuu, hapo umepita juu kwa juu kwenye sehemu ngumu. Waeleze habari ya haiperoni.

Haiperoni ni ndugu wa nyutroni mwenye kwaki ya aina ya ajabu ndani yake. Huku kwetu haidumu, inaoza kabla hujapepesa jicho. Ndani ya nyota, densiti ikifika mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, nyutroni za juu kabisa zina nishati kubwa kiasi kwamba inakuwa nafuu kwa baadhi kugeuka haiperoni. Fizikia ya kawaida kabisa inasema lazima zitokee. Tatizo ni kwamba zikitokea, maada inalainika, na hesabu nyingi zinaishia chini ya masi 2. Kwa hiyo kitu ambacho nadharia inakilazimisha kiwepo kinaua nyota ambayo tumeshaipima. Wenyewe wanaita fumbo la haiperoni. Tiba inayopendwa ni kusema zikikutana tatu tatu zinasukumana kwa nguvu, lakini vipimo vya msukumo huo ni haba.

Na maabara nazo zinagongana. Jefferson Lab kule Virginia walipima unene wa ngozi ya nyutroni (tabaka la nyutroni linalozidi nje ya protoni) kwenye kiini cha madini ya risasi, risasi-208, matokeo ya 2021 yakawa takriban femtomita 0.28, ambayo inaashiria maada ngumu. Walipopima kalisi-48 kwa njia ileile wakapata ngozi nyembamba, kama 0.12. Modeli zinazoyaridhisha yote mawili kwa pamoja ni shida kupatikana.

Kijiti:

Aisee. Na nusukipenyo unapimaje kitu cha kilomita 12 kilichoko mbali hivyo?

Mchimba Nondo:

Kwa njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni NICER, chombo kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017. Pulsa ina madoa ya moto usoni. Inapozunguka, doa likienda nyuma ungetegemea lisionekane, lakini mvutano unapinda nuru hadi sehemu ya upande wa nyuma inaonekana. Nyota ikiwa imebanana zaidi kwa masi yake, nuru inapinda zaidi, na mapigo ya eksirei yanabadilika umbo. Kwa PSR J0030+0451, timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake zilitoa kilomita 12.7 na 13.0. Kwa ile nzito, J0740, zikatoa 12.4 na 13.7. Mwaka 2024 ikaja PSR J0437-4715: masi 1.42, kilomita 11.4. Makosa ya vipimo bado ni kama kilomita moja huku na huku, kwa hiyo msiape.

Ya pili ni ile ya tarehe 17 Agosti 2017. Vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zikigongana kwenye galaksi NGC 4993, miaka ya nuru kama milioni 130 kutoka hapa. Sekunde 1.7 baadaye mlipuko wa miale ya gama ukaonekana. Watu wengi wanakumbuka habari ya dhahabu kutengenezwa pale. Kwa mtunga modeli, nondo iko kabla ya mgongano. Nyota zikikaribiana zinavutana hadi zinabonyea, na kubonyea kunabadilisha mwendo wa mawimbi. Nyota kubwa yenye maada ngumu inabonyea sana. Zile zilionekana hazibonyei sana, nusukipenyo kikatoka kama kilomita 12, na modeli ngumu kupita kiasi zikaondoka.

Kwa hiyo modeli inabanwa pande zote mbili. Lazima iwe laini kiasi kwenye densiti za kati ili ipite mtihani wa 2017, halafu iwe ngumu haraka kule ndani ili ibebe masi 2. Hapo ndipo wengine wanasema pengine katikati nyutroni zimeyeyuka, zimebaki kwaki.

Darubini:

Habari wakuu. Nafanya shahada ya uzamili, mada yangu ni nyota za kigeni, yaani za maada isiyo ya kawaida. Naona mwenye uzi anaruka upande wetu. Vipi nyota za kwaki tupu, nyota za bosoni (za chembe zinazokubali kukaa hali moja), gravasta (vitu vinavyodhaniwa kuwa mbadala wa mashimo meusi)? Na sisi tunaotafuta suluhisho kamili za milinganyo ya Einstein bila kompyuta, tukiweka kanieneo tofauti ya kwenda nje na ya pembeni? Modeli yangu inaipata Her X-1 vizuri kabisa, masi 0.85, kilomita 8.1.

Mchimba Nondo:

Karibu sana mdogo wangu. Sikuruka, nilikuwa nakusubiri.

Nyota za kwaki zina hoja nzito. Bodmer mwaka 1971 na Witten 1984 walipendekeza kwamba maada ya kwaki za aina tatu, ziitwazo juu, chini na ajabu, pengine ndiyo imara kuliko kiini cha chuma. Kama ni kweli, kunaweza kuwa na nyota ya kwaki hadi kwenye uso. Hiyo inajishikilia kwa nguvu ya nyuklia yenyewe, mvutano unasaidia tu, kwa hiyo ikiwa na masi ndogo inakuwa ndogo pia. Nyota ya nyutroni ni kinyume, ikipungua masi inavimba. Hiyo ni tofauti unayoweza kuipima, ndiyo maana naiheshimu. Mwaka 2022 HESS J1731-347 ilitangazwa kuwa na masi 0.77 tu na kilomita 10.4, watu wakaruka. Lakini kipimo kile kinategemea umbali uliochukuliwa na dhana kwamba nyota ina angahewa ya kaboni. Na wakongwe wanakumbuka 2002, RX J1856 ilitangazwa kwa shangwe kuwa huenda ni ya kwaki, umbali na vipimo vya nuru ya kawaida vilipoangaliwa upya, ikarudi kuwa nyota ya nyutroni.

Nyota za bosoni na gravasta nazipita. Zinapendeza kwenye karatasi, ila bado hazijatuonyesha hata nyota moja tunayoweza kuinyooshea kidole.

Sasa suluhisho kamili. Mwaka 1998 Delgaty na Lake walikusanya suluhisho 127 za aina hiyo za kanieneo sawa pande zote na kuzipitisha kwenye masharti ya msingi: densiti isiwe hasi, ipungue kwenda nje, sauti isiipite nuru, na kadhalika. Zilizofaulu ni 16. Tangu hapo zimeongezeka mno, hasa hizo za kanieneo mbili, na nyingi zinaanza na metriki (fomula ya jinsi anga na wakati vinavyopinda) iliyochaguliwa kwa sababu inarahisisha hesabu. Maada inatokea mwishoni, itakavyo. Hapo ndipo mimi na nyinyi tunaachana. Nyota haijui kwamba metriki yako inahesabika kirahisi.

Na kuhusu Her X-1, hapa ndipo ninaporudi kwa Bint Ngomeni. Masi yake imepimwa, na makosa yake si madogo. Lakini hizo kilomita 8.1 ulizolinganisha nazo, umeziangalia zilikotoka? Kuna makala ya 2013 ambayo wengi wenu mnainukuu, yenye jedwali la pulsa 12. Nusukipenyo vya mle havikupimwa na darubini yoyote. Vilitabiriwa kwa kutumia mlinganyo wa hali wa nyota ya kwaki, na kichwa cha makala chenyewe kinasema hivyo. Maana yake modeli yako imekubaliana na modeli nyingine. Cen X-3 iko mlemle. Uhuru ilituletea mapigo, haikutuletea hizo kilomita.

Darubini:

Hilo la jedwali sikuwahi kuambiwa na mtu. Lakini usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea, kaka. Kanieneo mbili si uzushi. Bowers na Liang waliliandika hilo tangu 1974, na ndani ya nyota kuna sumaku kali, kuna nyutroni zinazotiririka bila msuguano, kuna ganda gumu. Yote hayo yanaweza kuzitofautisha.

Mwl. Fizikia:

Yuko sahihi hapo. Swali ni kiasi gani. Sumaku za kawaida za pulsa ni ndogo mno kuigusa kanieneo ya katikati. Ukiweka tofauti ya asilimia kubwa, tuambie nini kinaileta.

Mchimba Nondo:

Naunga mkono hoja ya mwalimu. Darubini, fanya hivi: achana na Her X-1. Chukua J0740, masi 2.08, kilomita 12.4, halafu jaribu na 13.7. Hivyo vimepimwa. Kisha chukua J0437, masi 1.42, kilomita 11.4, kwa vigezo vilevile vya maada, usivibadilishe kwa kila nyota. Hapo utaona kama una modeli.

Kijiti:

Wakati anahesabu, na mimi niulize. Ile ya LIGO ya Agosti 2019, kitu cha masi 2.6 kilichomezwa na shimo jeusi la masi 23. Kile kilikuwa nini?

Mchimba Nondo:

GW190814. Inaweza kuwa nyota ya nyutroni nzito kuliko zote, au shimo jeusi dogo kuliko yote. Mawimbi hayakuonyesha dalili ya kubonyea, na kwa tofauti kubwa hivyo ya masi yasingeonyesha hata kama ni nyota. Mimi naegemea shimo jeusi, kwa sababu kuibeba 2.6 kunahitaji maada ngumu kuliko mgongano wa 2017 unavyopenda.

Ila haiko peke yake. Januari 2024 timu iliyotumia MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini kule Karoo, ilitangaza pulsa kwenye kundi la nyota NGC 1851 yenye mwenzake wa masi kati ya 2.09 na 2.71. Pulsa ni saa nzuri mno, kwa hiyo tukisubiri, masi hiyo itabanwa zaidi.

Darubini:

Nimerudi, nimeendesha hesabu. J0437 inakubali. Kwa J0740 yenye 12.4, nikitumia vigezo vilevile, masi haifiki, inakwama kwenye 1.8. Nikilazimisha ifike kwa kuongeza tofauti ya kanieneo, kasi ya sauti inaipita ya nuru.

Mchimba Nondo:

Kasi ipi, ya kwenda nje au ya pembeni? Na inaipita katikati kabisa au karibu na uso?

Darubini:

Ya pembeni tu. Kuanzia kama theluthi ya nusukipenyo hadi karibu na uso. Ya kwenda nje iko salama.

Mwl. Fizikia:

Basi umbo la tofauti yako ndilo lenye kasoro, linakua haraka mno kwenda nje. Lete fomula yake hapa tuione, na kigezo ulichotumia.

Darubini:

Naiandika vizuri, naiweka usiku huu.